Waya Mweusi Chini ya Lori

Kolwezi, Jumapili tarehe 4 Februari 2024

Mjomba Zéphirin mpendwa,

Nimekaa nyuma ya nyumba na daftari langu magotini, na nimejiapiza kukueleza yote bila kuficha hata kidogo. Ukiona mahali nimefuta, ujue ni kalamu iliyovuja, si uongo.

Sisi wazima. Mama anakusalimia, ingawa sijamwambia kwamba nakuandikia. Anakusalimia kila Jumapili, kwa hiyo na leo naiweka hapa. Mdogo wangu Ariel ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaficha kila siku mahali tofauti, anasema kuku watayaiba. Mvua imeangusha ukuta wa jirani. Mimi nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni Gloire, ambaye mwalimu wa hesabu ni shangazi yake, lakini sisemi kitu. Msalimie Mama Joyeuse na watoto.

Sasa neno lenyewe. Lori limekufa.

Alhamisi tarehe 25 Januari lilirudi vizuri kutoka sokoni, Mushiya akaliegesha uani kama kawaida. Ijumaa asubuhi lilitakiwa kuondoka kwa kazi. Baba akazungusha ufunguo, kimya. Si kwamba injini ilikataa kuwaka: hata taa ndogo nyekundu ya mbele ya dereva haikuonekana. Honi hakuna. Taa kubwa hakuna. Halikukohoa, halikulia tik. Kama vile umezungusha ufunguo wa kabati.

Baba alilala chini akatazama, akatoka na uso umebadilika. Akasema, "Shaba imeenda." Pale ambapo zamani ulifunga ule waya mwekundu mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha lori, sasa kuna waya mwembamba mweusi. Unajua mji wetu, Mjomba. Hapa kila kitu chenye shaba ndani kina miguu.

Baba anamshuku Mushiya. Ni dereva wetu tangu nikiwa shule ya watoto wadogo, ndiye aliyenifundisha kusoma vibao vya njia. Lakini mtu mmoja alimwona Alhamisi ile jioni chini ya lori akiwa na spana. Tena nyumba yake imepata mabati mapya mwezi huu. Baba amechukua permi yake ya kuendesha na kuifungia sandukuni, anasema hataipata mpaka aseme ameuza waya kwa nani. Bila permi hakuna atakayemwajiri.

Fundi mwingine Baba hamtaki. Anasema ukipeleka lori gereji ya hapa, linarudi limepungua kilo. Anakuamini wewe tu. Na simu ya nyumba ni moja, Baba huiweka kwa sauti ya juu hata akisalimiwa. Ndiyo sababu barua hii inakuja na Mama Laurentine, anayeleta sabuni zake kuuza huko Dilolo.

Niandikie nipime nini, moja baada ya jingine. Mimi nitapima. Na je, mtu akipima vizuri, anaweza kujua ni mkono wa nani?

Mpwa wako,
Mignonne


Dilolo, tarehe 17 Februari 2024

Mwipwa wangu Mignonne,

Barua yako imefika ikinukia sabuni, na hii itakufikia ikinukia samaki mkavu, usimlaumu Mama Laurentine. Sisi tuko. Mama Joyeuse mguu ulimvimba, sasa anatembea, na anapotembea anagombana, kwa hiyo najua amepona. Treni ilipita juzi, haikupita jana. Umekuwa wa pili? Vizuri. Mimi darasani sikuwahi kuwa na namba, walikuwa wananisahau.

Kuhusu lori, andika haya na uyafanye taratibu. Fungua vichwa vya betri zote mbili, vikwangue, vioshe kwa maji ya moto kama kuna unga mweupe. Kaza tena. Tazama maji ya betri, kila shimo. Chukua balbu ya taa ya nyuma ya lori, uifunge nyaya mbili, hiyo ndiyo taa yako ya kupimia. Igusishe vichwa vya betri: ikiwaka sana, betri ni nzima. Angalia fyuzi, zote, hata zile zinazoonekana nzuri. Tikisa nyaya za nyuma ya ufunguo. Fuata ule waya mnene mwingine, unaokwenda kwenye mota ya kuwashia injini, uone kama panya amekula. Tazama pia kama kuna mahali waya umelala juu ya chuma cha moto.

Usikimbie. Lori likipumzika mwezi mmoja haliozi.

Kuhusu Mushiya: mtu asihukumiwe kwa mabati yake. Mwambie baba yako, kwa heshima, arudishe ile permi.

Mama yako analala vizuri? Na Stany, yule mnunuzi wa mawe, bado anakuja kukaa kwenye kiti chetu kile cha mkono?

Mjomba wako,
Zéphirin


Kolwezi, Jumapili tarehe 3 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Tunashukuru kwa samaki wawili. Ariel amekula kichwa chote na macho. Mama hajambo, anaimba kidogo kuliko zamani. Baba hajambo kwa mwili. Anaketi ndani ya lori mchana, mikono kwenye usukani, na watoto wa jirani wanampungia mkono kama anayesafiri.

Kwanza jambo dogo. Bahasha yako ilifika imefungwa upya. Nimeinusa: aliyeibandika alitumia bukari, ugali wa jana. Mama Laurentine ameapa kwamba aliikabidhi nyumbani ikiwa nzima, mikononi mwa Mama, mimi nikiwa shuleni. Sisemi kitu. Lakini barua hii nampa Mama Laurentine mwenyewe sokoni.

Nimefanya yote uliyoandika. Vichwa vya betri vilikuwa safi. Fyuzi nzima. Panya hakuna. Balbu yangu kwenye betri iliwaka mpaka nikafumba macho. Baba naye alikubali, mara moja tu na kwa shida, kumwita fundi Dimitri, yule mwenye kofia. Dimitri hakutazama chochote, akasema betri zimekufa, akazibeba kwenda kuzichaji. Zilivyorudi, Baba akaziinua.

"Hizi si zangu. Zangu zilikuwa nzito."

"Papa Polycarpe, betri ni moya na ile ile! Angalia alama yako ya rangi."

"Alama inahamishwa."

"Alama ya rangi? Ninaihamisha na nini, na ulimi?"

Watu walicheka, Baba hakucheka. Dimitri aliondoka akisema hatarudi hata lori lipelekwe mbinguni. Baada ya hapo hakuna fundi aliyekubali kuja.

Sasa sikiliza, Mjomba, na usinikasirikie.

Mwalimu wetu wa fizikia, Maître Henri, alichora ubaoni betri, balbu na nyaya mbili. Akasema umeme hauendi tu kama maji ya mvua. Unaenda na unarudi, na usiporudi hauendi. Akasema ndani ya gari njia ya kurudi ni chuma chenyewe, na mafundi wanakiita masi. Nikarudi nyumbani mbio. Niligusisha waya mmoja wa balbu kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha, na mwingine kwenye chuma cha lori nilichokikwangua mpaka king'ae. Balbu haikuwaka. Nikarudia mahali patatu. Giza. Betri iko nzima, lakini haijui kama lori lipo. Njia ya kurudi imekatika.

Halafu nikasoma barua yako tena. Umeniandikia mambo mengi, hata ya panya, na hukuandika neno moja la masi. Wewe uliyefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Maître Henri, ambaye hana hata baiskeli, alilisema kwa dakika tano.

Na tena: nilirudia kusoma nakala ya barua yangu ya kwanza. Mahali popote sikuandika jina la Stany. Nilisema tu lori lilitakiwa kuondoka kwa kazi. Ni kweli kazi ilikuwa ya Stany, kubeba magunia yake ya madini kule kwenye mashimo, na ni kweli bado anakuja, sasa mara mbili kwa juma, anauliza lori litapona lini. Lakini alianza kuja Januari, baada ya wewe kurudi Dilolo. Nani alikuambia?

Na ule waya mweusi, unaujua?

Mignonne


Dilolo, tarehe 19 Machi 2024

Mwipwa wangu,

Hapa mvua zinaanza kupungua. Mama Joyeuse amenunua mbuzi jike ambaye muuzaji alisema ana mimba. Tunamtazama kila siku na hanenepi. Nilikwenda Kasaji kumtengenezea mtu pampu, nikaona shamba lile la zamani la mama yako. Wenyewe wapya wamelima vizuri, mihogo mirefu. Nilisimama kidogo nikaondoka.

Nimesoma barua yako mara tatu. Maître Henri ni mwalimu mzuri. Na wewe una jicho. Nilikuwa nikitumaini hutakuwa nalo mapema hivi.

Nitakuambia desturi yetu mafundi wa huko, ili usije ukafikiri vibaya. Kwa sababu ya wezi, lori la Kolwezi huwa na mahali pa siri pa kukatia umeme. Kila fundi huficha pake. Wengine huweka na waya wa kuonekana, wa bure, ili mwizi akate huo na kwenda na aibu yake. Na sheria ya kazi hiyo ni moja: mahali pale fundi humwonyesha mwenye gari peke yake. Si dereva, si rafiki, si mtu mwingine. Mimi sheria hiyo sijaivunja hata siku moja. Nilimwonyesha mwenye gari.

Zaidi ya hapo sina la kukuandikia. Usiguse tena. Soma masomo yako, uwe wa kwanza.

Zéphirin


Kolwezi, Jumapili tarehe 7 Aprili 2024

Mjomba,

Pasaka tuliisherehekea na kuku mmoja. Ariel anakohoa lakini anacheza. Mbuzi wenu natumaini amenenepa. Hizi ndizo salamu, sina nyingine, naona aibu kuzirefusha.

Barua yako niliisoma darasani wakati wa mapumziko. Uliandika "nilimwonyesha mwenye gari", na nilifurahi, nikafikiri: basi Baba anajua, tatizo limekwisha. Nilikwenda nikamuuliza. "Papa, mahali pa siri pa kukatia umeme ni wapi?" Akaniangalia kama nimemuuliza njia ya mwezini. "Siri gani? Kwangu hakuna siri." Hajui, Mjomba. Na Baba hawezi kudanganya, akijaribu hukuna masikio.

Jumatatu Mama alinituma kwenye sanduku la karatasi nichukue kadi ya chanjo ya Ariel. Chini yake ilikuwa kadi ya lori, ile ya rangi ya waridi. Niliisoma nikiwa nimepiga magoti. Mwenye gari: Ernestine. Jina la Mama, herufi zote. Ndipo nikakumbuka ulivyosimama mbele ya shamba la Kasaji, na nikaelewa fedha za shamba lile zilikwenda wapi. Maisha yangu yote nimesema "lori la Baba".

Nilingoja Baba aende kanisani kwa mkutano wa wazee, nikaingia chini. Ule waya mweusi umefungwa juu ya kipande cha mpira. Haugusi chuma popote. Ni wa bure, kama ulivyosema. Waya mwekundu upo, Mjomba! Haukuibiwa na mtu. Umepitishwa ndani ya boriti ya chuma mpaka nyuma ya sanduku la spana, na huko kuna kikata-umeme chenye tundu la ufunguo mdogo. Ufunguo haupo. Nilikumbuka Noeli ulivyolala chini ya lori siku mbili ukisema unapaka grisi, na Mama akikuletea chai huko huko chini, yeye ambaye hapeleki chai hata kwa padri.

Ufunguo nimeuona. Ni wa plastiki nyekundu, uko kwenye fundo la kitenge chake pamoja na ule wa kabati.

Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikaa nikaanza kumsaidia.

"Mama, umeme wa kamyo unakatikia nyuma ya sanduku ya spana."

Hakuinua macho. "Nani alikutuma kule?"

"Masomo."

"Masomo haina mikono. Ile mikono ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Akaendelea kuchambua. Alisema Papa Baudouin wa barabara ya pili alibeba magunia ya Stany, yale yasiyo na karatasi, mara moja tu. Lori lake mpaka leo liko kwa askari, limeota majani. Yeye alirudi kutoka gerezani baada ya miezi minne, na watoto wake hawakumtambua mlangoni. Alisema alimwonya Baba mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu Baba akamjibu kwamba mwanamke hafundishi lori njia. Basi Alhamisi ile alizungusha ufunguo, akaenda kupika.

"Nilisema juma moya. Stany atachoka, atatafuta kamyo ingine, mi nitaiwasha, na Baba yako atasema Mungu amejibu. Lakini ule muntu hachoke."

"Na Mushiya?"

"Mushiya ni mwanaume. Atapata kazi."

"Bila permi, Mama?"

Hapo aliinua beseni akaenda kuosha sombe ambayo alikuwa ameshaiosha. Barua yako pia ni yeye aliyeifungua, alinikubalia akiwa amenipa mgongo. Na kuhusu Stany, sikuulizi tena. Najua Mama alikupigia kwa simu ya jirani.

Sasa lililo baya zaidi. Katika barua ya kwanza niliapa kukueleza yote, na nilikudanganya. Niliandika kwamba mtu mmoja alimwona Mushiya chini ya lori na spana. Mtu huyo ni mimi. Baba aliuliza nani ameona kitu, na mimi, kwa kupenda kuwa wa kwanza kujibu, niliinua mkono kama darasani.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa Mushiya. Mkewe aliniangalia akaingia ndani. Yeye alinitolea kiti, akabaki amesimama.

"Karibu, mwalimu wangu mudogo. Umekuja kuhesabu mabati?"

Nilikaa. Akaniuliza, "Ile siku, kwa mikono yangu uliona nini?"

"Spana."

"Na waya uliona?"

"Hapana."

"Na mufuko?"

"Hapana."

"Basi semaka vile uliona. Usiongeze, usipunguze. Baba yako alinituma kukaza tairi la akiba. Asubui alinituma, mangaribi alisahau." Halafu akaniambia mabati yaliletwa na kaka yake kutoka Kasaji, yametumika tayari, ukipanda juu utaona matundu ya misumari ya zamani. Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali anikaripie. Tangu Februari anasukuma mkokoteni wa makaa, na wale madereva wenzake wanapiga honi wakimpita, wanamwita "Bwana Shaba".

Mjomba, nimegeuza jambo hili kila upande na kila upande lina mtu anayeumia. Baba amemshtaki Mushiya kwa mkuu wa kartie, yaani mtaa wetu, watasikilizwa Jumamosi tarehe 27 mwezi huu, na mimi ndiye shahidi. Nikisema tena nilichosema, Mushiya ataitwa mwizi mpaka kaburini. Nikisema nilikosea, mkuu ataleta fundi wake alitazame lori, naye kwa dakika tano atafika nyuma ya sanduku la spana. Baba ameapa mbele ya wazee wa kanisa kwamba aliyefanya hivi, hata awe wa nyumba yake, hatalala tena chini ya paa lake. Alisema "hata awe wa nyumba yangu" kwa sababu alikuwa na hakika si wa nyumba yake. Na lori likiwaka, Stany yuko pale kwenye kiti cha mkono.

Mama hatasema. Nimemwona, amefunga mdomo kama fundo lake. Mushiya hajui. Mimi nilichokiona nitakisema, hilo nimeshaamua. Nitasema niliona spana tu. Lakini watakapouliza basi umeme umekatwa na nani, sina jibu ambalo ni kweli na haliivunji nyumba yetu.

Wewe unalo. Waya ule mweusi ni wako, mpira ni wako, kikata-umeme ni chako, na Baba anakuamini kuliko anavyojiamini. Ukisimama pale wewe, mwenye mikono iliyofanya kazi ile, utamkumbusha mwenyewe kadi ile ina jina la nani, na kumwambia kwa nini mwenye gari alikataa safari. Kutoka kwangu yatakuwa maneno ya mtoto. Kutoka kwako huenda akakaa chini na kusikiliza. Najua utakuwa umevunja sheria ya kazi yako, na najua hujaivunja hata siku moja.

Mama Laurentine anaondoka kesho na atarudi kabla ya tarehe 20. Ameniapia kwamba atangoja mlangoni mpaka uandike. Usiniandikie habari za mbuzi. Niandikie neno moja tu: je, tarehe 27 utakuwa hapa?

Mignonne